Suti Nyeusi ya Kuogelea

Nachingwea, Jumatatu 5 Januari

Daktari wa presha kaniambia ninunue daftari. "Andika kila siku, mama. Umelalaje, umekula nini, nini kimekuudhi." Haya, daktari. Nimelala vibaya, nimekula ugali na kisamvu, na aliyeniudhi ni mdogo wangu Kassian.

Kassian ni mwalimu wa michezo sekondari, huko Nandagala, wilaya ya Ruangwa. Ana miaka thelathini na tatu. Mama alifariki yeye akiwa na miaka saba, nikamlea mimi kwa cherehani hii hii. Leo kanipigia simu kwa furaha, eti kajiandikisha mashindano ya kuogelea mwezi wa tano: wanaruka majini Lindi mjini, wanatokea Kitunda, ng'ambo ya ghuba. Mtoto wa Mnero, bara huku! Sisi maji tunayoyajua ni ya ndoo. Alijifunza kuogelea akiwa chuoni Mtwara, na tangu hapo hasikii la mtu. Mazoezi anafanyia Nambilanje, kwenye shimo la kifusi ambalo wakandarasi wa barabara walichimba wakaliacha, mvua ikalijaza. Sasa anataka suti ya mpira ya kuogelea, nimtafutie.

Ndugu wa tumbo moja nimebakiwa naye huyu tu. Akizama, nimekwisha. Hiyo ndiyo presha yangu, daktari, wala si chumvi.

Jumatano 7 Januari

Ausi kafungua belo la nguo za michezo. Ausi ni jirani yangu sokoni, yeye anauza mitumba, mimi nashona, tumepakana kwa turubai. Yeye Myao, mimi Mmwera, kwa hiyo ni mtani wangu. Anaweza kusema lolote juu yangu na ukoo wangu na sina ruhusa ya kununa. Na anaitumia ruhusa hiyo, baba wee, kuanzia asubuhi.

Leo kapaza sauti soko zima lisikie: "Mtani! Sanda ya mdogo wako imefika. Na ina zipu!"

Kweli. Suti mbili za mpira zilikuwa chini kabisa ya belo.

Jumamosi 10 Januari. Presha 150 kwa 95

Kassian kaja na boda kujaribu suti. Sijacheka hivi tangu mwaka jana.

Ya kwanza ni nyeusi tupu, nene, mikono mpaka vifundoni, miguu mpaka kwenye visigino. Ya pili ni nyembamba, mwili mweusi lakini mikono ya rangi ya chungwa, ile kali ya mafundi barabara. Tukampigia kocha wake, Jastin, aliyeko Mtwara, tukaweka simu kwenye meza ya cherehani na sauti juu.

"Avae mfuko wa nailoni mguuni kwanza," kocha akasema, "ndipo itateleza. Asivute kwa kucha, ataitoboa. Avute kwa nyama za vidole, kidogo kidogo, mpaka ifike kwenye kinena."

Dakika ishirini! Kassian anaruka kwa mguu mmoja nyuma ya pazia langu la kupimia, Ausi anamshika kwapani, jasho linawatoka wote wawili.

"Imebana?"

"Imebana, kocha."

"Ibane kama ngozi. Vuta pumzi mpaka mwisho. Shingoni haikunyongi? Sasa inama. Dada, mguse kiunoni kwa nyuma. Kuna mfuko wa hewa?"

Kwenye ile nyeusi kulikuwa na nafasi ya viganja viwili. Ile ya chungwa ilikaa kama nimeishona mimi. Kocha akasema basi, achukue ya chungwa. Maji ya Lindi ni ya moto, hiyo nene itampika. Na mikono ile inaonekana kwa mbali, waokoaji wanaipenda.

Mimi nilikuwa nimeshaamua. Nilizitumbukiza zote mbili kwenye pipa la maji ya mvua nyuma ya kibanda. Ile nyembamba ilizama nusu. Ile nyeusi nikaikandamiza kwa mikono miwili ikagoma, ikarudi juu. Nikasema hiyo hiyo. Itakayomfanya mtoto aelee ndiyo ninayoitaka, hayo mengine ni urembo.

"Chukua ya chungwa, mtani," Ausi akasema. "Tukitafuta maiti tusipate taabu."

Nikamtupia kiatu. Kassian akasema, "Dada ndiye kanilea, acha achague." Kiuno nimekipunguza kwa mkono kwa sindano ya viatu, mshono nikaupaka gundi ya kuzibia tyubu za baiskeli. Imetoka vizuri sana, najisifu mwenyewe.

Jumanne 13 Januari

Mvua. Nimeshona sare tatu za kwaya.

Jumamosi 17 Januari

Nimekwenda kuona kwa macho yangu. Ruangwa kwa basi, kutoka pale boda mpaka Nambilanje, mgongo umenishuka.

Shimo ni kubwa kuliko nilivyofikiri. Ukitupa jiwe halifiki ng'ambo. Upande mmoja kuna rundo la kifusi kama kilima, upande wa pili matete, na bondeni zaidi ndiyo mto. Maji ni ya kahawia. Kassian kaingia na suti yake, na sitamwambia, lakini kila alipofika katikati nilimpoteza. Nilikuwa nahesabu moja, mbili, tatu, mpaka mkono utokee. Safari moja nilifika kumi na nne.

Shamba la Ausi limepakana na shimo hilo. Msimu wa mvua anagawa siku, nusu sokoni, nusu kulima na mkewe Zuhra. Zuhra ni Mmwera mwenzangu, ingawa Mwislamu, mwanamke mkimya. Alinipa ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha, tukakaa wote ukingoni.

Ausi akaja na jembe begani. "Mtani, jana nimemwona mamba hapa, kavaa suti kama ya huyu. Nikamwuliza, umenunua wapi? Akasema, kwa Serafina, tena kanipunguzia kiuno."

Kassian alikuwa anatoka majini. Alicheka mpaka akakaa chini.

Alhamisi 22 Januari

Mvua usiku na mchana. Cherehani inapata kutu.

Jumapili 25 Januari

Mvua. Padri kawahubiria watu kumi na wawili.

Jumamosi 31 Januari

Mvua. Kassian kaogelea saa nzima, anasema maji yamepoa na suti inamtunza. Unaona?

Jumamosi 7 Februari. 155 kwa 95

Mto umevunja kingo. Kassian kanitumia picha: mto na shimo vimekuwa maji mamoja, matete yamebaki vichwa tu. Yeye anafurahi, eti bwawa limekuwa mara mbili, sasa atazoea masafa. Nimemwambia apumzike wiki mbili. Kasema, "Dada, suti uliyochagua haizami, unaogopa nini?"

Alhamisi 12 Februari

Ausi kafunga kibanda, kahamia shamba kupanda ufuta. Soko kimya. Sikujua kama ningeukumbuka upuuzi wake.

Jumamosi 14 Februari

Kassian kapiga simu anacheka. Ausi kamzuia ukingoni leo, kashika mkono wake kabisa. "Usiingie. Mamba kaja na mto. Nimemwona juzi jioni kwenye matete."

"Ukamwambiaje?" nikamwuliza Kassian.

"Nikamwambia amsalimie huyo mamba, amwambie suti yangu imebana kuliko yake."

Nikacheka na mimi.

Alhamisi 19 Februari

Jana nimepakwa majivu, leo Waislamu nao wameanza funga. Soko zima lina njaa na hasira.

Jumapili 22 Februari

Nataka niandike vizuri ya leo, maana sijajua niiweke wapi.

Kassian alikuja kunisalimia baada ya misa. Tuko barazani na jirani yangu Goreti, tunamenya muhogo, Ausi huyo anatokea. Kaja na basi toka Ruangwa, Jumapili, na funga yake, suruali ina tope mpaka magotini. Hakusema sanda wala maiti. Alivua kofia akakaa mkekani.

"Nimekuja kwa jambo la kweli," akasema. "Kassian, usirudi kwenye yale maji. Yumo. Ni mkubwa, ana urefu wa mlango na nusu. Jana asubuhi kapita mbele yangu hatua ishirini."

Kassian akamtazama, akanitazama, akaanza kucheka polepole. "Mtani, umetoka Nambilanje kuja kunitania? Hii ya leo kiboko!"

"Sitanii. Nimefunga. Mtu aliyefunga hasemi uongo."

"Wewe? Utani ni wa mababu, Ausi, wenyewe hawakujua Ramadhani wala Kwaresima."

"Leo utani nimeuacha nyumbani."

"Hauachwi nyumbani huo," nikasema mimi. Mimi, Serafina. "Umezaliwa nao kama kidole."

Ausi akanigeukia. "Sasa nifanyeje ili mniamini? Niambieni nifanyeje."

Nikamwambia, "Lia."

Na akalia. Machozi ya kweli, yanashuka kwenye ndevu. Mungu anisamehe, ndipo tulipovunjika mbavu kabisa. Goreti alitupa kisu akashika tumbo. Majirani walichungulia, tukawaeleza, nao wakacheka. Kassian akamshika Ausi mabega, "Mtani, wewe ungekwenda kuigiza kwenye televisheni."

Ausi akafuta uso kwa kofia. Akasimama, akatuangalia mmoja mmoja, akasema, "Basi." Maji hakunywa, muhogo hakugusa. Alitembea kwenda stendi na hakugeuka.

Kassian kasharudi Nandagala. Nimeosha vyombo mara mbili. Ausi ninamfahamu miaka kumi na tisa, na kwa uongo wake wote hajawahi kuondoka bila kuchukua kitu changu, yai, sindano, hata kipande cha muhogo. Ni haki ya mtani, na huwa haiachi.

Jumatatu 23 Februari. 160 kwa 100

Nimempigia Ausi, simu haipatikani. Shamba halina mtandao. Nimemtumia Kassian ujumbe: "Pumzika kuogelea mwezi huu." Kajibu kwa vile vikatuni vya kucheka, na picha ya mamba kavaa tai.

Alhamisi 26 Februari

Mvua. Kitambaa cha mteja kimeota ukungu.

Jumamosi 28 Februari

Ujumbe wa Kassian, naunakili: "Dada, Ausi kanizidi. Leo kasimama ukingoni muda wote anapiga dumu tupu kwa fimbo, du du du, kama ngoma ya jando. Kila niendako ananifuata kando ya maji. Nimecheka mpaka nikayanywa maji."

Nimeusoma mara nne. Mtu aliyefunga, kwenye mvua, anapiga dumu saa nzima ili achekwe na mtu mmoja?

Nimempigia Kassian. "Dada," kasema, "kama angekuwepo mamba, Ausi angesimama pale ukingoni?" Lina akili, hilo. Nimekwenda kulala nalo.

Jumanne 3 Machi

Kassian anasema mbuzi wa mlinzi wa shule ya Nambilanje kapotea karibu na lile shimo. Wanatafuta wezi.

Jumamosi 7 Machi, asubuhi

Zuhra kapiga simu. Kapanda mpaka kwenye kilima cha mnara apate mtandao. Alitaka kuniuliza tu kama nina kitambaa cha Idi. Nikamwuliza, na huko maji mnateka salama?

"Salama kidogo, dada. Tangu tuzungushe miiba."

"Miiba gani?"

"Uzio wa miiba, pale tunapotekea. Kwa ajili ya mamba. Si mume wangu alikuja kwako kuwaambia? Alirudi akasema mlicheka."

Zuhra si mtani wangu. Zuhra ni Mmwera mwenzangu, hana sababu ya kunitania.

Kassian simu imezimwa. Ni Jumamosi. Naondoka.

Jumatatu 9 Machi. Sijapima

Nimekaa kwenye mkeka wa watu huku Nambilanje, lakini nitaandika.

Sikungoja basi, nilichukua boda toka Nachingwea. Barabara ilikuwa tope tupu, tulianguka mara mbili. Tangu Ruangwa mvua ilitupiga usoni. Kila mahali penye mtandao nilipiga namba ya Kassian na yule mwanamke wa kwenye simu akaniambia hapatikani. Nilimwambia Mungu, nipe huyu tu, mengine sitaomba. Nayaandika maneno hayo kama nilivyoyasema.

Tulipofika juu ya shamba nikasikia dumu. Du, du, du. Nikasema ahsante, Ausi yupo. Nikashuka mbio kwa miguu, viatu vimebaki kwenye tope. Mvua ilikuwa imeyafunika maji, ng'ambo unaiona kwa shida.

Dumu likanyamaza.

Nilifika ukingoni karibu na rundo la kifusi. Kassian alikuwa juu ya kile kilima, amesimama nchi kavu. Mshono wa kiunoni, ule wa gundi yangu, ulikuwa umeachia, maji yakamjaa, akatoka upande ule ili ayamwage. Alikuwa anahangaika na zipu, mgongo kaupa maji.

Halafu nikamwona Ausi. Yeye alikuwa upande wa pili, upande wa matete, macho kwenye maji, na sisi hakutuona. Kule alikokuwa, aliona tu kwamba Kassian hayupo tena katikati ya maji. Na kwenye matete, hatua chache mbele yake, kulikuwa na kitu cheusi kimelala juu ya maji, kirefu, kimetulia.

"Kassian!" akaita, upepo ukatuletea sauti yake. Akatupa dumu na fimbo. "Kassian, nakuja! Shika mkono!"

Ausi hajui kuogelea. Aliingia mpaka magotini, mpaka kiunoni, mkono wa kulia kaunyoosha mbele. Mimi nilikuwa nimeshamwona Kassian nchi kavu, kwa hiyo nilijua kile si Kassian. Nikapiga ukelele, Kassian akageuka naye akapiga ukelele. "Niko huku! Mtani, niko huku!" Mvua ilikula sauti zetu. Labda alitusikia, maana alianza kugeuza kichwa.

Kile cheusi kikasogea.

Sitaandika kilichofuata. Kilikuwa kifupi. Kassian aliruka kuelekea majini na suti yake ile ile, nikamrukia nikamshika mguu, nikamng'ang'ania kwenye tope mpaka boda na vijana wa mashambani wakaja kunisaidia. Alinipiga teke la uso. Nilimshika. Ningemshika tena. Hilo nitamjibu Zuhra siku atakayoniuliza, na bado hajaniuliza.

Wanaume walimpata Ausi jioni, bondeni kwenye mto, kwa mikuki na madumu. Tukamzika jana Jumapili.

Hapa ndipo pagumu, daktari. Msiba wa Myao, kazi ni yetu sisi watani. Wengine wakilia, sisi tunatakiwa kuchekesha. Ndiyo desturi, na mtu akizikwa bila watani wake ni aibu kwake, kama aliishi bila watu. Kaka yake Ausi, mzee Jamali, alitoka nje akasimama mbele yetu. Macho mekundu, lakini sauti ya kawaida kabisa.

"Wamwera mko wapi? Marehemu alikuwa na watani. Fanyeni kazi yenu."

Kassian alitakiwa akalale kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe kuku. Alifika ukingo wa kaburi akatapika. Wanaume wakamrudisha nyumbani wamemshika kwapani, kaburi likafukiwa hivyo hivyo. Nikaona wanawake waliokaa na Zuhra ndani wanatazamana. Ausi anakwenda hivi hivi, kimya, kama asiye na mtu.

Basi nikainuka mimi. Mtani mwanamke huvaa nguo za marehemu akamwiga. Wakanipa shati lake na kofia. Nikajipaka unga usoni, nikaingia katikati ya mkeka. Watu wananitazama, Zuhra ananitazama. Nikatafuta la kusema. Miaka kumi na tisa ya upuuzi wa mtu yule, na sikukumbuka hata mmoja. Nilikumbuka barazani kwangu tu.

Nikavua kofia. Nikakaa chini kama alivyokaa. Nikasema kwa sauti yake:

"Nimekuja kwa jambo la kweli. Kassian, usirudi kwenye yale maji. Yumo."

Bibi mmoja kule nyuma akaguna, kicheko kikamponyoka. Sauti ilikuwa ya Ausi kabisa, wanasema, hata kikohozi chake.

"Sitanii! Nimefunga! Leo utani nimeuacha nyumbani!"

Wakacheka. Wakapiga makofi, wakanitupia unga, "Ndiye! Ndiye huyo!" Zuhra naye akacheka, kanga mdomoni, mabega yanaruka, sijui kama kilikuwa kicheko. Kassian alikuwa mlangoni, amejishika fremu.

Nikawauliza, "Sasa nifanyeje ili mniamini?"

"Lia!" wakaitikia wote, maana Goreti, aliyekuja mazikoni toka Nachingwea, alikuwa ameshawahadithia.

Nikalia. Nililia kweli, jamani, machozi yanachora njia kwenye unga, nikawaambia yumo, nimemwona, ni mkubwa, msiende. Na kadiri nilivyolia ndivyo walivyocheka, kwa sababu ndiyo desturi, na nilikuwa naifanya vizuri.